Kijani Ndani ya Mpira

Jumamosi ile Mke wa Radi alikohoa.
Si wimbo uliokohoa, ni yeye mwenyewe,
ukuta wa spika kumi na mbili, kimo cha mlango wa kanisa,
simba jike mwekundu kachorwa kifuani,
fahari ya mtaa wetu hapa Barranquilla.
Kro, kro-kro, kama mafuta yanayopokea samaki mbichi,
kisha upande wa kushoto ukazima
na wachezaji wakabaki na mguu mmoja hewani.

Mjomba Aristarco alilaumu amplifaya.
Akakopa kwa Ubaldina muuza jibini, akanunua nyingine,
nzito kama jeneza la tajiri.
Jumamosi iliyofuata Mke wa Radi akakohoa vilevile,
safari hii kwa deni.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kisu cha kumenyea mihogo.
Nikaufuata waya wa spika, ule unaopita uani
chini ya kamba ya nguo, zinapodondokea maji,
nikauchuna mpira wake shingoni.
Nilitarajia shaba.
Nikakuta nyuzi za kijani, nyingine nyeusi,
zinapukutika kidoleni
kama kitu kilichokufa zamani bila kuaga.
Wahenga hawakuwahi kuona spika, lakini walisema:
kikulacho ki nguoni mwako.

Hewa ya hapa ina meno.
Mto Magdalena unaleta unyevu, bahari inaleta chumvi,
vinakutana juu ya paa letu la bati
na kuingia popote palipoachwa wazi
upana wa unywele.
Na vidole vyetu je? Mjomba hushika plagi
akitoka moja kwa moja kwenye ndizi za kukaanga.

Nikakata. Shubiri moja. Bado kijani. Shubiri ya pili,
hadi nyuzi zikang'aa nyekundu kama ufizi wa mtoto.
Nikazisokota, nikazilehemu ncha kwa risasi
pasibaki mlango kati ya uzi na uzi,
nikavalisha bomba la mpira unaosinyaa
na kupitisha moto wa kiberiti chini yake, haraka,
mpaka ukabana kama soksi.
Jeki nilizisugua kwa spirti na pamba ya masikio.
Pamba ikatoka na rangi ya chai.
Msasa sikuugusa: huondoa kutu na dhahabu pamoja,
kama mtu anayemfukuza mwizi kwa kuchoma nyumba.
Dhahabu nikaiozesha kwa dhahabu, bati kwa bati.
Ukizichanganya hulana kimyakimya;
nazijua nyumba za namna hiyo.

Mwisho, tone la mafuta ya plagi. Moja.
Mjomba alitaka kumimina.

"Yaani ni waya tu?"
"Ni waya."
Akaitazama amplifaya mpya
kama mtu aliyeoa haraka.

Deni lilituchukua miaka miwili na nusu,
na Mjomba sasa anasikia kwa sikio la kulia tu.
Funguo za sanduku la kebo ninazo mimi.
Kila Ijumaa, kabla uani hakujajaa viti,
nachomoa kila plagi na kuichomeka tena, mara tatu,
chuma kikisugua chuma.
Ubaldina hupita na ndoo yake kichwani:
"Nelcy, unamtibu nini mzima?"
Simjibu. Natupa sandukuni
vile vifuko vya chembe vinavyokuja na viatu vipya,
vilivyoandikwa usile.
(Mtoto wa Osvaldo alikula kimoja. Hakufa. Alikauka midomo.)

Halafu nawasha umeme na sipigi kitu.
Naweka sikio kwenye tumbo la simba jike.
Hakuna kikaango. Hakuna samaki.
Kuna kimya kipana, kikavu,
kinasubiri santuri ya kwanza,
na nje kwenye kamba
shati la mtu linadondosha maji
mahali ambapo waya haupiti tena.